Kupita chini juu ya ranwei: namna ya kufanya kama kuna sababu, na namna ya kukataa kama hakuna

Wale tunaorusha ndege ndogo kutoka Dar, wenyewe au za klabu, hii stori tunaijua. Umekaa pale Terminal 1 ya uwanja wa Julius Nyerere (JNIA) unasubiri gari la mafuta, mwenzako anakuonyesha video kwenye simu, ndege inapita juu ya ranwei (njia ya kurukia na kutua) ya kijijini chini kabisa, watu wanapiga kelele, halafu inanyanyuka juu kama mshale na kukata kona. Kila mtu anasema aisee. Mi nikiiangalia hiyo video naangalia mwisho wake tu, pale anaponyanyuka na kukata kona, na mara nyingi moyo unanienda mbio maana najua spidi imebaki kidogo kiasi gani pale.

Sasa naandika hii kwa sababu kupita chini kwenyewe siyo kosa. Kwa viwanja vya pwani yetu na vya mbugani kuna siku usipopita kukagua kwanza ndo umekosea, unaweza kutua juu ya mbuzi au kwenye tope. Tatizo ni kwamba tumejifunza kwa kuangaliana, hatujajifunza kwa hatua. Hizi hapa ndo hatua ninazofuata mimi, namba nyingi ni za Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, maana ndo niliyoizoea, we chukua za ndege yako kutoka kwenye kitabu chake.

1. Jiulize unapita kwa kazi gani

Kazi zinazoeleweka ni chache sana. Kukagua kiwanja unachotaka kutua, au mnara wakuangalie matairi kama ndege yako ni ya kukunja miguu na taa ya kijani imegoma kuwaka, au mazoezi ya kughairi kutua ukiwa na mwalimu. Basi. Kumwonyesha shemeji siyo kazi, birthday ya mtu siyo kazi, na harusi ufukweni Kigamboni siyo kazi hata kama wamekuomba kwa heshima zote.

Sheria nayo iko hivyohivyo. Kanuni za ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), zile za Kiambatisho cha 2 ambazo nchi wanachama tunazifuata, zinasema ukiruka kwa kuona nje usishuke chini ya futi 500 (mita 150) juu ya ardhi au maji, na juu ya mji au mkusanyiko wa watu usishuke chini ya futi 1,000 (mita 300) juu ya kitu kirefu kuliko vyote ndani ya mita 600 kutoka ulipo. Unaachiwa tu pale inapobidi kwa kuruka au kutua, au ukiwa na kibali cha mamlaka, ambayo kwetu ni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga). Yaani ule mlango wa "natua" ndo unaokuruhusu kuwa chini, kwa hiyo kama hukuwa na nia ya kutua mlango huo siyo wako. Marekani kuna rubani alifungiwa leseni na FAA (mamlaka ya anga ya huko) kwa kupita chini karibu na nyumba za watu, yeye akasema alikuwa anakagua sehemu ya kutua, lakini hakutua na utetezi wake haukukubalika. Uwe na jibu la kweli kabla hujashuka, usilitafute ukiwa umeshaitwa.

2. Piga simu kabla hujawasha injini

Hii hatua watu wanairuka na ndo ya bei rahisi kuliko zote. Karibu kila kiwanja cha vumbi kina mtu, mlinzi au mzee wa jirani au mtu wa hoteli anayekuja kupokea wageni. Mi nina namba zao. "Shikamoo mzee, kiwanja kinaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, juzi imenyesha kubwa, huku upande wa baharini kuna dimbwi." Dakika moja tu na umeshajua zaidi ya utakachokiona ukipita mara tatu. Muulize mvua, muulize nyasi zimefika wapi, muulize ng'ombe na mbuzi wanachungwa saa ngapi, muulize kama kuna nguzo mpya za umeme au mnara mpya wa simu. Wakati wa masika hasa hii simu usiiache, udongo unaweza kuonekana mkavu kutoka juu kumbe chini ni uji.

Halafu muombe jambo moja: ukisikia mlio wa ndege, watoto wasogezwe pembeni. Nitaeleza mbele kwa nini.

3. Andika namba kwenye karatasi

Ziandike kabisa, usiziweke kichwani, kichwa kikiwa chini kinakuwa kidogo. Mimi naandika nne: kimo cha chini kabisa nitakachofika, spidi ya chini kabisa, sehemu ambayo lazima niwe nimeshaanza kupanda, na upande wa kutokea.

Kimo changu ni futi 100 juu ya ranwei na sishuki hapo kama sitaki kutua. Kuna mtu ataniambia futi 100 ni juu mno huoni kitu. Fikiria hivi, mnazi uliokomaa unafika mita 20 na zaidi, hiyo ni futi 65 na kuendelea, sasa ukisema unapita futi 50 kwenye kiwanja cha pwani maana yake uko chini ya minazi, na mwisho wa ranwei nyingi za huku kuna nini? Minazi. Na kingine, ukizidi kushuka ardhi inakimbia zaidi machoni, futi 20 huoni shimo wala jiwe, unaona michirizi tu. Futi 100 kidogo kwa pembeni unaona vizuri zaidi.

Altimita usiitegemee hapo chini. Inasoma kutoka usawa wa bahari kama umeweka QNH (presha ya hewa iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari), kwa hiyo lazima ujue mwinuko wa kiwanja na ujumlishe, na hata hivyo ina makosa yake ya makumi ya futi. Itumie kukuzuia usizidi kushuka, lakini macho ndo yanayokupeleka.

Spidi, noti 75 kwa 172 na flapu (vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa) nyuzi 10 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, kwa hiyo 75 ni kama kilomita 139 kwa saa). Ndege hii ikiwa imejaa na flapu hazijashushwa inastoli, yaani bawa linaacha kubeba, kwenye noti 48 hivi ikiwa imenyooka. Kwa hiyo 75 unayo nafasi ya kutosha, na bado huendi haraka mpaka usione.

4. Kama ni JNIA au kiwanja chochote chenye mnara

Hapa sina mengi. Omba, na ukiambiwa hapana ni hapana, usibembeleze. Ranwei kubwa ya pale ina mita 4,600 na ndege kubwa zinaingia na kutoka, nyuma ya kila moja kuna hewa inayozunguka kama kimbunga kidogo inayoshuka polepole na kubaki karibu na ardhi kwa muda. Ndege ndogo kama yetu inayotua nyuma ya ndege ya kati au kubwa inapewa dakika 3. Mtu anayepita chini bila kutua anapita ndani ya eneo lilelile, ila yeye hana hata pa kugusa chini akapumzika. Na kunguru, hawa kunguru wa Zanzibar wamejaa mji mzima na mwewe nao wanazunguka kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Nguvu ya ndege mnyama akikupiga inapanda kwa mraba wa spidi, ukipita kwa noti 120 badala ya 75 kishindo ni zaidi ya mara mbili na nusu.

5. Anza juu

Ukifika kiwanjani usishuke moja kwa moja. Zunguka kwanza futi 1,000 juu ya kiwanja, tangaza kwenye redio uko wapi na unataka kufanya nini kwenye masafa ya eneo hilo, maana huko mbugani ndege za abiria za asubuhi zinakuja mfululizo na rubani wa Caravan, ndege ndogo ya abiria, hajui kama upo. Angalia upepo. Wakati wa kaskazi kule pwani unatoka kaskazini mashariki, wakati wa kusi unatoka kusini na kusini mashariki, na mchana bahari inaongeza wake, lakini usibuni, angalia moshi, angalia mawimbi kwenye maji, angalia soksi ya upepo kama bado ipo haijachakaa.

Kisha pita futi 500 kwa pembeni, ranwei iwe upande wako wa kushoto ulipokaa. Hapa ndo unatafuta nguzo. Waya huwezi kuuona ukiwa angani, usijidanganye, unaona nguzo na unaunganisha mwenyewe waya kichwani, nguzo hadi nguzo, na ukiona nguzo moja peke yake upande mmoja wa njia tafuta mwenzake upande wa pili kabla hujaenda popote. Angalia na njia ya kutokea: baada ya ranwei kuna nini, kilima, minazi, mnara, nyumba?

Pima na urefu hapohapo. Kama GPS inaonyesha noti 70 juu ya ardhi unaenda mita 36 kila sekunde. Hesabu kwa sauti kutoka mwanzo wa ranwei mpaka mwisho, ukipata sekunde 17 ni kama mita 600. Na kumbuka kwenye joto na unyevu wa kwetu kuruka kunataka nafasi kubwa kuliko kutua. Siku ya nyuzi 32 pale Dar ndege inajisikia iko kama futi 2,000 juu wakati matairi yako yako karibu na usawa wa bahari. Ukikagua, kagua kwa ajili ya kuondoka.

Mara nyingi futi 500 inatosha na hatua inayofuata huihitaji. Nenda kwenye sakiti (mzunguko wa kutua) utue.

6. Kupita kwenyewe

Kama bado kuna kitu hujakielewa, dimbwi, kivuli, kitu kama mnyama, basi shuka. Ingia kama mtu anayetua kabisa, fainali (kipande cha mwisho cha kuja kutua) ya kawaida iliyonyooka, ila ukae kulia kidogo mwa ranwei ili uione kwa dirisha lako. Mikanda imefungwa kila mtu, mabegi yamefungwa, simu zimeshikwa. Mafuta kwenye matangi yote mawili. Kama injini yako ina kabureta (172S haina, lakini nyingi za zamani zinayo) washa joto la kabureta unaposhuka na pawa kidogo, maana kwa unyevu wa pwani hii barafu inajitengeneza humo hata siku ya jua kali, halafu lizime kabla hujahitaji pawa yote.

Futi 100 nyoosha, na pawa iwepo tayari kabla hujafika mwanzo wa ranwei. Hapa nasisitiza sana. Usipite ukiwa unateleza injini iko chini halafu utegemee itaamka ukiiita. Pawa inayoshikilia noti 75 bila kupanda wala kushuka, mkono usitoke kwenye throto, yaani kidude cha pawa.

Macho yanatazama mbele zaidi kuliko chini. Ukiwa na mwenzako, mgawane, we unarusha, yeye anaangalia ardhi na kusema: kavu, kavu, dimbwi kushoto, mbuzi wawili, kavu. Ukiwa peke yako unachungulia kwa sekunde moja moja na kurudi mbele. Na kama upepo unatoka nyuma usipite upande huo, ardhi inakimbia sana na mkono wenyewe unaanza kuvuta spidi ipungue bila wewe kujua, hapo unatembea kuelekea kustoli huku unajiona unaenda haraka. Pita upepo ukiwa usoni. Jua vilevile, saa kumi na moja jioni usipite ukielekea magharibi.

7. Kuinuka

Hapa ndo ninapotaka usome mara mbili. Watu wengi wanaogopa ule muda wa kuwa chini, lakini ukiwa umenyooka, una spidi na pawa ipo, ule muda una nafuu. Kinachoua ni sekunde kumi zinazofuata.

Chukua ile ya kwenye video. Jamaa anakuja na noti 120, anapita, anavuta usukani. Ile spidi inageuka kuwa kimo, kutoka 120 mpaka 70 kwa hesabu ya karatasi unapata kama futi 400, hewa inakula sehemu yake unapata pungufu. Inachukua sekunde chache tu. Sasa yuko futi 300 na kitu, pua iko juu, haoni upeo wa macho, noti 70 na bado inashuka. Halafu anakata kona ili arudi, maana watu wako nyuma wanamwangalia. Akilaza bawa nyuzi 45 huku anashikilia kimo, ile 48 ya kustoli inakuwa 57. Akilaza nyuzi 60 inakuwa 68. Amebakiza noti mbili, na akivuta kidogo tu zimeisha. Bawa la ndani linaanguka kwanza, ndege inaanza kuzunguka, na 172 ikizunguka mara moja na kutolewa vizuri na mtu anayejua inakula karibu futi 1,000. Yeye ana 300.

Hamna ujanja wa kutoka hapo. Rubani mwenye masaa elfu kumi na rubani wa jana wote wanafika chini sawa.

Kwa hiyo kuinuka kwangu kuko hivi. Kwenye ile sehemu niliyoiandika, ambayo ni theluthi mbili ya ranwei, hata kama sijamaliza kuangalia, pawa yote, pua inapanda taratibu mpaka spidi ya kupanda, noti 74 hivi kwa 172S, mabawa yamenyooka. Flapu napandisha nikishaona napanda kweli. Naenda mbele moja kwa moja mpaka futi 500, na ndo nakata kona, nyuzi 20, siyo zaidi ya 30. Sirudi kuangalia watu. Nilichokiona nimekiona.

Mfano mkubwa ambao kila rubani anatakiwa aujue ni wa Habsheim, Ufaransa, 26 Juni 1988. Airbus A320 ya Air France, mpya kabisa, watu 136 ndani, ikapita chini kwenye maonyesho ya uwanja mdogo. Walipanga futi 100, wakajikuta futi 30 hivi, spidi imekwisha, injini ziko chini kabisa, na mbele msitu. Pawa waliiita ila injini ya jeti inachukua sekunde kadhaa kuamka na sekunde hizo hawakuwa nazo. Ndege ikaingia kwenye miti na watu 3 wakafa. Angalia vitu vilivyokuwepo pale: kimo kilichopangwa hakikushikwa, pawa haikuwepo tayari, njia ya kutokea ilikuwa na miti, na abiria walikuwa ndani. Hao walikuwa marubani wa shirika kubwa. Wewe na mimi tuna nini cha zaidi?

8. Watoto

Niliahidi nitarudi hapa. Miaka ya nyuma nilikuwa naenda kiwanja kimoja cha pwani kusini mwa Dar, nikapita kukagua, futi 100, kiwanja kitupu kabisa, safi. Nikazunguka sakiti nikaja fainali nimeshusha flapu zote, na pale futi 150 hivi naona rangi rangi kwenye ranwei. Sare za shule. Wamesikia ndege imepita wamekimbia kuja kuiona, wako katikati wananipungia mikono, na mmoja mdogo kabisa amekaa chini. Nikaghairi, nikapita juu yao nikiwa natetemeka mikono, na yule mdogo sijamsahau mpaka leo.

Yaani ule ukaguzi wangu ndo uliowaita. Kiwanja nilichokikagua siyo kiwanja nilichokuja kutua, dakika nne zilipita. Tangu siku hiyo namwomba mzee wa kiwanja awasogeze kabla sijafika, napita mara moja siyo mara tatu, na sakiti yangu baada ya kupita ni fupi lakini fainali yangu naichukulia kama sijawahi kukagua, tayari kughairi mpaka matairi yaguse. Kama mtoto hata mmoja yuko pembeni mwa ranwei na hana mtu mzima aliyemshika, situi. Napanda futi 1,000 nakaa huko mpaka watoke, na kama mafuta hayaruhusu naenda kiwanja kingine. Ndo maana mafuta ya kutoka Dar yahesabiwe hivi: ya kwenda, ya kukagua na kuzunguka nusu saa, ya kufika kiwanja mbadala, na akiba juu yake.

9. Ukiombwa na abiria

"Kaka pita chini kidogo tupige video." Jibu lako liwe tayari kabla ya safari, tena lisemwe ardhini wakati wa kuwaelezea mikanda na milango. Mi nawaambia, tukifika mtaniona nazunguka na huenda nikashuka nikapanda tena, hiyo ni kazi, msishtuke na msiniongeleshe, na zaidi ya hapo hatushuki. Ukilisema mapema hakuna anayekasirika. Ukisubiri uombwe angani, na aliyeomba ndo aliyechangia mafuta, unajikuta unajadiliana na mtu huku unarusha ndege.

10. Ukishatua

Tembea ranwei kwa miguu, yote, kabla jua halijawa kali. Vile ulivyoona kutoka juu vilinganishe na vilivyo: lile doa jeusi lilikuwa tope au majani yaliyochomwa, zile sekunde 17 zilikuwa mita ngapi kwa hatua zako. Mara tano hivi ukifanya hivyo macho yanajifunza kweli. Halafu kabla hujanywa hata maji tuma ujumbe kwa wenzako wanaokuja huko wiki hiyo. Wa kwangu wa mwisho ulikuwa hivi: "Ranwei kavu isipokuwa mita 80 za mwisho upande wa bahari, tope. Nyasi kifundo cha mguu. Nguzo mpya mbili kaskazini, waya unakatiza nje kidogo ya mwanzo wa ranwei. Mbuzi saa nne. Mpigieni mzee kwanza."